Rivasi Inakwenda Mbele: Kamera ya Nyuma Iliyogoma Kulala

Inawezekana! Kamera ileile ya rivasi, ileile uliyofungiwa Kariakoo pamoja na redio ya Android, inaweza kukuonyesha nyuma ukiwa kwenye D, ukiwa kwenye foleni ya Ubungo, ukiwa unakata upepo kuelekea Chalinze, muda wowote unaoutaka wewe. Huhitaji kamera mpya wala redio mpya. Unahitaji swichi moja, daiodi mbili, fyuzi mbili ndogo na waya wa kutoka dashibodi hadi mlango wa nyuma. Basi!

Nimeufunga mfumo huu kwenye Toyota Noah yenye redio ya Android ya inchi 9 na kamera ya kawaida juu ya pleti namba, na hamu ya kuusimulia inanitoka hadi masikioni. Noah mnaijua wenyewe. Ikiwa tupu, kioo cha kati kinakupa kila kitu. Ikipakiwa viti vya plastiki vya harusini hadi darini, kioo hicho kinabaki pambo: ukikitazama unaona miguu ya viti tu. Wenye Probox zinazobeba mzigo wa duka wanaijua adha hii, na wenye Hiace hali kadhalika. Unaendesha nusu kipofu, halafu jicho lako moja la nyuma, tena zuri, limezimwa mpaka uingize rivasi. Nani aliamua hivyo?

Aliyeamua ni waya

Ufungaji wa kawaida uko hivi. Kamera inachukua umeme kwenye waya wa taa ya rivasi. Ukiingiza R, volti 12 zinafika kwenye taa, na kamera inaamka pamoja nayo. Wakati huohuo, ule waya mwembamba mwekundu unaosafiri sambamba na kebo ya picha unapeleka umeme mbele, kwenye waya wa redio ambao mara nyingi umeandikwa BACK au REVERSE. Redio ikihisi umeme pale, inaacha muziki, inaacha ramani, inarukia picha ya nyuma.

Kwa hiyo ukiwa kwenye D kuna mambo mawili yamekosekana: kamera haina umeme, na redio haijaambiwa ibadilishe picha. Kamera haina kosa lolote. Haijui kama gari linarudi nyuma au linakwenda mbele, na wala haijali. Ipe volti 12 itaona, inyime italala. Utamu wote wa kazi hii uko hapo!

Fundi asiye makini atakwambia, "Tunachukua umeme wa aksesari tunaupiga kwenye kamera, kazi imeisha." Mkatalie. Kamera ikiwa bado imeungwa kwenye taa ya rivasi, umeme huo utapita kinyumenyume na kuwasha taa nyeupe za nyuma huku ukienda mbele kwa kasi. Aliye nyuma yako atadhani unamrudia, na usiku anaweza kukanyaga breki mpaka agongwe na mwingine.

Njia safi ni hii. Tenganisha kamera na taa ya rivasi kabisa. Ipe kamera umeme wa aksesari, ule unaowaka ukizungusha ufunguo na kuzimika ukiuchomoa, ukipitia fyuzi ya ampea 2. Kamera hizi hula umeme kidogo mno, kwa hiyo fyuzi ipo kulinda waya usiungue ukikwaruzwa na kugusa bodi. Waya mwembamba mwekundu uache palepale kwenye taa ya rivasi, uendelee kupeleka habari mbele kama zamani. Kisha huku mbele, kabla haujafika kwenye redio, weka daiodi. Daiodi ya pili weka kwenye waya wa swichi yako mpya, inayochukua umeme wa aksesari kupitia fyuzi yake. Daiodi zote mbili zielekeze redioni, zikutane kwenye waya ule wa BACK.

Umeona uzuri wake? Ukiingiza R, picha inakuja yenyewe kama kawaida. Ukiwa kwenye D, unabonyeza swichi, picha inakuja. Umeme wa swichi hauwezi kurudi kwenye taa kwa sababu daiodi inaruhusu upande mmoja tu. Mimi nimetumia 1N4007, zile ndogo nyeusi zenye mstari wa fedha upande mmoja, zinazobeba ampea 1. Mstari ndio upande wa kutokea umeme, kwa hiyo mistari yote miwili itazame redio. Daiodi itakula kama volti 0.7, na redio haitahisi tofauti.

Kazi inayotoa jasho ni kupitisha waya kwenye ule mpira uliokunjika unaounganisha bodi na mlango wa nyuma. Chomoa mpira pande zote mbili. Funga ncha ya waya kwenye kipande cha waya mgumu kwa tepu ya umeme, paka sabuni ya maji, kisha sukuma polepole huku mkono mwingine ukinyoosha mikunjo. Usiupitishe nje ya mpira ili umalize haraka. Mlango ule unafunguliwa na kufungwa kila siku, na waya uliobanwa hukatika ndani kwa ndani bila ganda lake kuonyesha dalili.

Halafu ukawashe!

Jamani! Unabonyeza swichi, na kioo chote cha inchi 9 kinajaa barabara uliyoiacha. Viti vya harusi vimeyeyuka! Lori lile pale, limekaa leni ya kushoto. Daladala ile inawasha indiketa, inataka kutoka kituoni. Bodaboda anapenya katikati ya magari, abiria amekumbatia mfuko wa rambo, naye namwona tangu akiwa nyuma ya gari la tatu. Kamera hizi zina lenzi pana kuliko kioo chochote, kwa hiyo hata yule anayejificha nyuma ya bampa lako kwenye foleni, yule ambaye kioo cha kati hakimpati hata gari likiwa tupu, anaonekana mpaka rangi ya helmeti.

Kama kamera na redio yako vyote vinakubali aina ya picha iitwayo AHD, ingia kwenye mipangilio ya redio uchague aina hiyohiyo. Picha ya 720p ina nukta 1280 kwa 720, na tofauti yake na kamera ya zamani ya CVBS unaiona bila miwani. Redio ikiwekwa CVBS huku kamera ni AHD, utapata kioo cheusi au mistari inayocheza, na utamlaumu fundi bure.

Wazo lenyewe lina umri wa babu zetu. Mwaka 1956 kampuni ya Buick ya Marekani ilionyesha gari la majaribio, Centurion, lililokuwa na kamera ya televisheni nyuma na kioo cha televisheni kwenye dashibodi, badala ya kioo cha kati. Kamera hiyo ilikusudiwa kutazama nyuma wakati wa kwenda mbele! Ndipo mwaka 1991 Toyota ikauza Soarer yenye kamera ya rivasi kule Japani, na kuanzia Mei 2018 Marekani ikalazimisha kila gari dogo jipya liwe na kamera ambayo picha yake inatokea ndani ya sekunde 2 baada ya kuingiza rivasi. Kati ya hapo, Cadillac CT6 ya 2016 ikaleta kioo cha kati kinachogeuka kuwa skrini ya kamera. Wenye fedha wanalipia kwa mamilioni kile ambacho swichi ya Kariakoo imenipa mimi kwenye Noah.

Sasa tuseme ukweli wote

Lenzi pana inaona mengi kwa kuyafanya yawe madogo. Lori lililokukaribia litaonekana bado liko mbali. Hivyo tumia kamera kujua nani yupo nyuma. Ukitaka kuhama leni, angalia saiti mira na geuza shingo. Tena kamera iko kwenye mkia wa gari. Bodaboda akishafika usawa wa mlango wako, ametoka kwenye picha.

Pembe nayo ina maneno. Kamera ya rivasi hufungwa ikitazama chini, kwa sababu kazi yake ni kukuonyesha ukuta na mtoto. Ukiiacha hivyo, ukienda mbele utaona lami nyingi na barabara kidogo. Iinue mpaka ukingo wa bampa ubaki kama utepe mwembamba chini ya picha. Bado utapaki vizuri, na upeo wa barabara utaupata. Usiinue zaidi ya hapo.

Hakikisha pia picha imegeuzwa kama kioo. Msimamishe mtu nyuma ya gari, upande wa kulia, apunge mkono. Lazima aonekane kulia kwenye skrini. Kamera nyingi za bei nafuu zina kitanzi kidogo cha waya ambacho kikikatwa picha inageuka, na kingine kinachoondoa ile mistari ya kupaki. Mistari iondoe, barabarani inachanganya macho. Kamera inayoonyesha kulia kuwa kushoto usiitumie kabisa ukiwa kwenye mwendo.

Usiku? Barabara yenye taa, safi. Barabara ya giza, taa kali za lori zinageuka mawingu meupe. Mvua inaacha matone kwenye lenzi, na vumbi la barabara ya udongo linahitaji kitambaa kila ukisimama. Nunua kamera yenye alama ya IP67 au zaidi, maana inazuia vumbi kabisa na inahimili kuzama maji ya mita 1 kwa nusu saa. Na kwa kuwa sasa itawaka muda wote gari linapowashwa, itapata joto kuliko ilivyozoea. Ukitaka iishi, weka swichi ya pili kwenye umeme wake, uizime pale ambapo gari ni tupu, lakini kumbuka kwamba ikizimwa huko, hata rivasi haitakupa picha.

Mwisho, redio nyingi zikidhani uko kwenye rivasi hupunguza sauti au kuzima muziki. Baadhi zina mahali pa kuondoa hilo kwenye mipangilio. Yako isipokuwa napo, chagua: Taarab au bodaboda.

Hukumu

Kama unabeba mizigo inayoziba kioo cha nyuma, kama gari lako lina safu tatu za siti zinazojaa vichwa vya watu, kama unakokota tela, fanya kazi hii wiki hii. Gharama ya vifaa haifikii ya kujaza tangi, na fundi umeme anayeijua kazi yake anaimaliza kwa siku moja. Kama una gari dogo lenye kioo cha nyuma kisichozibwa na kitu, tumia fedha zako kwenye matairi. Na popote utakapomkuta fundi, kabla hajashika koleo, muulize swali moja: "Daiodi utaziweka wapi?" Akishangaa, ondoka na gari lako.