Kukadiria Bando la Safari ya Guangzhou: Hesabu ya Kazi na Njia ya Data

Makadirio ya data ambayo msafiri anapaswa kununua kabla ya kwenda nje ya nchi hukosewa mara nyingi kwa sababu huanzia kwenye orodha ya mabando yanayouzwa, ilhali matumizi hutokana na kazi ambayo simu itafanya huko iendako. Uchambuzi huu unaanzia kwenye kazi, na unachukua mfano wa safari inayofahamika vyema kwa wafanyabiashara wa soko la Kariakoo nchini Tanzania, yaani safari ya kununua bidhaa Guangzhou, kusini mwa China, mji wa Maonyesho ya Canton yaliyoanza mwaka 1957 na ambayo hufunguliwa Aprili na Oktoba, na wenye masoko ya jumla kama Shisanhang la nguo na Zhongda la vitambaa. Safari hiyo imechaguliwa kwa kuwa inaweka wazi jambo ambalo safari nyingine hulificha, kwamba njia inayopitiwa na data hubadilisha hesabu kama wingi wa data unavyoibadilisha.

Vipimo ndivyo vya kuanza navyo, kwa kuwa kasi ya intaneti hutajwa kwa biti na bando huuzwa kwa baiti, na baiti moja ni biti 8. Kiasi cha data kinachotumika hupatikana kwa kuzidisha kasi kwa muda, kisha kugawanya kwa 8. Mazungumzo ya video yanayotumia kilobiti 500 kwa sekunde, kiwango cha picha ya wastani, hutumia kilobiti 30,000 kwa dakika, ambazo ni kilobaiti 3,750 au megabaiti 3.75, na kwa kuwa picha huenda na kurudi kwa wakati mmoja, na mtandao huhesabu kinachotumwa sawa na kinachopokelewa, dakika moja ya mazungumzo hayo hufikia megabaiti 7.5. Mazungumzo ya sauti peke yake, yakikadiriwa kwa kilobiti 32 kwa sekunde kila upande, hayafiki hata nusu ya megabaiti kwa dakika. Tofauti hiyo, ambayo ni zaidi ya mara 15, ndiyo inayotawala hesabu yote inayofuata.

Baada ya vipimo hufuata swali la njia. Msafiri anapotumia laini ya nyumbani katika nchi ya kigeni, huduma inayoitwa romingi, minara ya mtandao wa kigeni hubeba mawasiliano yake, lakini data yenyewe kwa kawaida hurudishwa kwanza kwenye mitambo ya kampuni ya nyumbani kabla ya kuingia kwenye intaneti. Kwa sababu hiyo simu iliyoko Guangzhou huonekana kwenye intaneti kana kwamba iko Tanzania, na huduma ambazo China bara imezifunga, zikiwemo WhatsApp na huduma nyingi za Google, huendelea kufanya kazi. Laini iliyonunuliwa China, ambayo husajiliwa kwa pasipoti, hupitia vichujio vya nchi hiyo, na kwenye laini hiyo WhatsApp haifunguki. Laini pepe, yaani laini isiyo na kadi inayopakuliwa kwenye simu inayoikubali, mara nyingi huuzwa kwa wasafiri ikiwa imeelekezwa kupitia Hong Kong au Singapore, hivyo hufanana na romingi kwa upande huu. Hata hivyo mnunuzi anapaswa kuuliza njia hiyo kabla ya kulipa.

Njia hiyo ndiyo inayovunja kanuni ambayo wasafiri wengi huitegemea, ile ya kuahirisha kazi nzito hadi wafike kwenye Wi-Fi ya hoteli. Jijini Nairobi au Istanbul kanuni hiyo hufaa, lakini Wi-Fi ya hoteli ya Guangzhou nayo kwa kawaida hupita kwenye vichujio vilevile, kwa hiyo kila dakika ya WhatsApp, hata ile ya usiku chumbani, hubaki kuwa mzigo wa bando. Zipo programu za kupitisha data kwa njia ya siri, lakini matumizi yake yanadhibitiwa na sheria za China, na kila moja huongeza data kidogo kwa kuwa hufunga kila pakiti ya data ndani ya pakiti nyingine. Aidha, saa za China ziko mbele ya saa za Tanzania kwa saa 5, kwa hiyo duka la Kariakoo linapofunguliwa saa 3 asubuhi, Guangzhou ni saa 8 mchana na mnunuzi yuko sokoni. Maswali ya mshirika wake kuhusu rangi, saizi na bei humkuta akiwa katikati ya vibanda, mahali ambapo bando ndilo tegemeo.

Kwa misingi hiyo, safari ya mfano ya siku 10, ambazo 7 kati yake ni za soko, inaweza kuhesabiwa. Katika siku ya soko, dakika 40 za video za kumwonesha mshirika bidhaa ni megabaiti 300; dakika 30 za sauti ni 15; picha 100 zilizobanwa na programu ya ujumbe, kwa wastani wa megabaiti 0.3 kila moja, ni 30. Vipande 10 vya video fupi, kwa megabaiti 8 kila kimoja, ni 80. Ramani, malipo kwa msimbo na tafsiri ya maandishi ya Kichina hutengewa 50. Na picha na video zinazoingia kutoka kwenye makundi hutengewa 75. Jumla ni megabaiti 550 kwa siku, na 3,850 kwa siku 7. Siku 3 zilizobaki, za kuwasili, kupumzika na kuondoka, hutengewa megabaiti 100 kila moja, yaani 300. Mazungumzo ya video na familia, dakika 20 kila usiku kwa siku zote 10, huongeza megabaiti 1,500. Jumla kuu ni megabaiti 5,650.

Faida ya kugawa hesabu kwa namna hii ni kwamba inaonesha mahali penye uzito. Mazungumzo ya video, ya soko na ya nyumbani kwa pamoja, ni megabaiti 3,600, karibu theluthi mbili ya safari nzima, ilhali picha zote zilizotumwa ni megabaiti 210 tu. Msafiri anayepunguza picha ili kuokoa bando anahangaika na sehemu ndogo mno, na kosa la dakika 10 za video kwa siku lina uzito kuliko picha zote za siku hiyo. Jambo la kukadiriwa kwa uangalifu, basi, ni dakika za video, na mengine yanaweza kubaki kwenye makisio ya jumla bila madhara.

Kuna tishio moja lisiloonekana kwenye orodha hiyo, nalo ni data ya chinichini, yaani ile inayotumiwa na simu bila mwenyewe kuiomba. Picha 100 zinapopigwa kwa siku, kila moja ikiwa na megabaiti 3 katika ukubwa wake wa asili, huduma ya kuhifadhi picha mtandaoni ikiruhusiwa kutumia data ya romingi itapandisha megabaiti 300 kila siku, sawa na mazungumzo yote ya video ya soko, na katika siku 7 itamaliza megabaiti 2,100. Ruhusa hiyo, pamoja na ile ya kusasisha programu, hufungwa kabla ya safari, wakati msafiri bado ana utulivu wa kupitia mipangilio ya simu yake.

Viwango vilivyotumika hapa ni vya mfano, na kila msafiri anaweza kuvibadilisha kwa vyake. Simu za Android huonesha matumizi ya kila programu, zikitenganisha data ya simu na Wi-Fi. iPhone nayo huonesha matumizi ya data ya simu, ila kihesabio chake huendelea kujumlisha mpaka mwenyewe akirudishe sifuri. Kuzungumza kwa video dakika 10 kwa kutumia bando la kawaida, na kusoma kihesabio kabla na baada, hutoa kiwango halisi cha simu hiyo. Kosa la kuepukwa ni kuangalia data ya simu peke yake, kwa sababu mtu mwenye Wi-Fi dukani na nyumbani huonekana mtumiaji mdogo, kumbe mzigo wake umebebwa na mtandao ambao hatasafiri nao.

Hatua ya mwisho ni akiba. Ziada ya asilimia 25 hufaa safari ya kazi, na huipandisha jumla ya megabaiti 5,650 hadi takriban 7,060, kiasi kinachohitaji bando la gigabaiti 8 au 10. Hata hivyo, hesabu ileile huonesha namna ya kutosheka na gigabaiti 5: familia ikikubali kutumia WeChat, programu ya ujumbe ya China inayofanya kazi kwenye Wi-Fi ya hoteli, megabaiti 1,500 huondoka, na dakika za video za soko zikipunguzwa kutoka 40 hadi 30 kwa siku, huondoka 525 nyingine. Zinabaki 3,625, na pamoja na akiba hufika takriban 4,530. Ni muhimu pia kuhakiki kwamba muda wa bando unafunika siku zote 10, na kwamba laini ya nyumbani inabaki hewani kupokea ujumbe wa uthibitisho wa benki hata pale data inapotoka kwenye laini nyingine.

Makadirio yaliyojengwa hivi yana manufaa yanayozidi safari moja, kwa kuwa kila tarakimu imefungamanishwa na kazi inayojulikana na inaweza kulinganishwa na kihesabio cha simu mara msafiri anaporejea. Mfanyabiashara aliyekwenda kwenye maonyesho ya Aprili na kuandika dakika zake halisi za video ataingia kwenye yale ya Oktoba akiwa na kiwango chake mwenyewe, na ataweza kushusha akiba yake kadiri makadirio yanavyokaribia ukweli. Fedha anayookoa kwa njia hiyo hurudi kwenye mtaji wa bidhaa, mahali ambapo fedha ya safari ya biashara inastahili kuwa.