Longues-sur-Mer: Zege Lilihimili, Tundu Likaponza

Usiku wa kuamkia Juni 6, 1944, ndege za Washirika ziliimwagia mabomu ngome ya Wajerumani ya Longues-sur-Mer, kwenye pwani ya Normandy nchini Ufaransa. Mashamba yaliyoizunguka yakageuka mashimo. Hata hivyo, saa 12:05 asubuhi mizinga yake ilifyatua makombora kuelekea baharini, na meli ya makao makuu ya Waingereza, Bulolo, ikalazimika kusogea mbali. Kwa upande wa mabomu ya angani, basi, mafundi walikuwa wamefaulu.

Ujenzi ulianza Septemba 1943. Yalijengwa majengo manne ya zege na nondo, kuta na dari zikiwa na unene wa karibu mita 2, kila moja na mzinga wa milimita 150 uliobuniwa kwa ajili ya manowari na wenye uwezo wa kupiga takriban kilomita 20. Mizinga bado imo humo hadi leo, jambo adimu kwenye pwani ile.

Walioko kwenye mizinga hawakuhitaji kuiona shabaha. Macho yao yalikuwa mbele, ukingoni mwa genge, katika kituo cha kuongozea mapigo kilichozamishwa nusu ardhini. Paa lake la juu, zege tupu, limeshikiliwa na nguzo fupi za chuma ili mwangalizi aione bahari pande zote bila ukuta kumziba. Naliona kuwa sehemu iliyobuniwa kwa ustadi kuliko zote. Lakini vipimo vilisafiri kwa waya wa simu uliofukiwa, na mabomu yale yale yaliyoshindwa kutoboa dari yaliukata. Bila waya, kila mzinga ulibaki kujitafutia shabaha.

Udhaifu wa pili ulikuwa tundu. Mzinga ukiwekwa wazi unageuka pande zote, ila ndege zinaumaliza. Ndiyo maana pale Pointe du Hoc, ngome nyingine ya pwani hiyo, Wajerumani waliiondoa mizinga yao mashimoni kabla ya uvamizi wa Washirika. Ukiufunika mzinga kwa zege, lazima uuachie mahali pa kutolea mdomo, na kadiri unavyotaka ugeuke, ndivyo tundu linavyopanuka. Hapa walitaka nyuzi 120 hivi, kwa hiyo upande unaotazama bahari ulibaki na uwazi mpana, na baharini ndiko zilikokuwa manowari. Ajax na Argonaut za Uingereza zilinyamazisha mizinga mitatu kati ya minne. Sidhani wajenzi walikosea hesabu: tishio walilolihofia zaidi lilitoka angani, nalo walilizuia.

Mzinga wa mwisho uliendelea kupiga kwa vipindi hadi saa 1 jioni. Kwa siku nzima ngome ilikuwa imefyatua makombora 170. Kesho yake askari wake 184, zaidi ya nusu yao wakiwa wamevuka miaka 40, walijisalimisha kwa Brigedi ya 231 ya Uingereza.