Kafi Huanzia Nyayoni

Ukimtazama mpiga kafi hodari wa kayaki akipita, macho hukimbilia mikono. Mmoja unasukuma, mwingine unavuta, na kafi lenye mabapa mawili linaingia kulia, linatoka, linaingia kushoto. Lakini kazi kubwa huioni. Iko chini ya sitaha, ambako magoti yameegemezwa kwenye ubavu wa ndani, nyonga zimekaa barabara kitini, na nyayo zinasukuma vikanyagio kwa zamu. Bapa la kulia likizama, mguu wa kulia unasukuma, nyonga inageuka, kiwiliwili kinafuata, na mkono unapokea nguvu iliyokwisha kuzaliwa. Ndiyo maana mzee mwembamba huweza kupiga kafi asubuhi nzima bila kuhema, na kijana aliyezoea kubeba magunia akachoka kabla hajavuka hori.

Napenda kuwatazama wanaoanza katika hori la Mida, karibu na Watamu. Maji yakijaa, tope lote hufunikwa, mawimbi ya bahari kuu hayafiki ndani, na mikoko huvunja upepo. Yakipwa, kayaki haina pa kupita. Basi ratiba ya somo hufuata bahari: wiki hii asubuhi, wiki ijayo alasiri.

Somo lenyewe huanzia mchangani. Mwanafunzi anaketi ndani ya chombo, vikanyagio vinasogezwa mpaka magoti yaguse sitaha, kisha anawekewa kafi juu ya kichwa na kuambiwa alishike pale ambapo viwiko vinakunjika pembe mraba. Hapo ndipo mahali pa mikono. Mwalimu ninayemtazama zaidi ni kijana aliyekulia katika mitumbwi ya babu zake, na kinachonivutia kwake ni jinsi asivyoharakisha hatua hii. Nilimsikia akimwambia mwanafunzi wa umri wa mama yake: “Legeza vidole, mama. Ukilibana kafi, mabega yanakaza, na mabega yakikaza kiuno hakigeuki.” Akamwonyesha kwa mkono wake mwenyewe: kidole gumba na cha shahada vimeuzunguka mpini, vingine vitatu vimelala tu.

Majini, mwalimu huyu husikiliza kuliko anavyotazama. Bapa linalovutwa kabla halijazama lote hupiga maji chubwi; lililozama vizuri halisemi kitu. Anaweza kuwa amewapa kisogo, akimfungia mwingine jaketi la kujiokolea, na bado akapaza sauti: “Chovya kwanza, ndipo uvute!” Mchovyo sahihi huanzia karibu na vidole vya miguu. Bapa linashuka mpaka maji yafunge juu yake, linakaa karibu mahali palepale, na chombo ndicho kinachosogea kulipita. Likifika usawa wa nyonga, hutolewa kwa ubavu. Ukiendelea kuvuta kupita hapo unainua maji bure, tezi inadidimia na omo inakwenda upande. Mwanafunzi hudhani kayaki ina kichaa. Hasa ile fupi ya mtoni, ambayo imeundwa igeuke kwa kila pigo. Ya baharini, yenye urefu wa kama mita 5, hushika njia yake na kumsamehe mengi.

Adabu zote hizi zina chimbuko la mbali sana na mikoko. Waliounda kayaki ni Wainuit na jirani zao wa nchi za barafu, kuanzia Alaska hadi Greenland, ambako miti ni adimu. Fremu ilitokana na magogo yaliyoletwa na bahari, ngozi ya sili ikavutwa juu yake, na wanawake wakaishona kwa mshono usiotoboa ngozi hadi upande wa pili ili maji yasipate tundu. Vipimo vilikuwa mwili wa mwenyewe: kwa desturi, urefu pima tatu za mikono yake, upana wa nyonga zake na ngumi mbili. Kama kanzu iliyokatwa na fundi anayekujua, haikumfaa mwingine. Vikanyagio vya leo vinavyosogea huku na huko ni jitihada ya kiwanda kukaribia kile ambacho mwindaji yule alikipata kwa ngumi zake, na sioni kama kimefikiwa.

Mwindaji huyo alivaa joho la ngozi lililofungwa usoni, kwenye vifundo vya mikono na kwenye mdomo wa kayaki, hata maji yasipenye. Akipinduka katika bahari ile ya baridi kali, kutoka na kuogelea kulikuwa kifo. Ilimbidi arudi juu akiwa ndani ya chombo chake. Wagreenland walivumbua njia baada ya njia ya kufanya hivyo: kwa kafi, kwa ubao wa kurushia chusa, hata kwa mkono mtupu. Mwaustria Edi Hans Pawlata alijifunza peke yake kwa kusoma maelezo yao, akafanikiwa mwaka 1927. Mwingereza Gino Watkins alifundishwa na wenyeji katika msafara wa 1930 na 1931. Agosti 1932 alikwenda kuwinda peke yake kwa kayaki. Ikakutwa ikielea bila yeye.

Kwetu Afrika Mashariki, mahali pa kuuona ufundi huo wa kurudi juu ni Jinja, Uganda, kwenye Nile. Bwawa la Bujagali, lililokamilika mwaka 2012, lilizamisha maporomoko yaliyopendwa, na hasara ile bado inaniuma. Lakini mto ni mkubwa, maji yana uvuguvugu, na baada ya maporomoko mengi hufuata kidimbwi kipana kilichotulia. Vijana wa vijiji vya kandokando wamekuwa mabingwa na walimu.

Anayefundishwa kurudi juu baada ya kupinduka hapewi kafi mwanzoni. Hushika omo ya kayaki ya mwalimu, akajilaza ubavuni mpaka sikio liguse maji, kisha akarudisha chombo wima kwa kuvuta juu goti la upande uliozama. Kichwa hutoka mwisho. Kila aliye chini ya maji hutaka kukitanguliza apate hewa, na kikitangulia, goti lisilofaa hukaza na chombo hurudi chini. Kwa hiyo somo hurudiwa, mwalimu akiupima uzito unaoegemea omo yake: leo mwanafunzi anaining'inia, kesho anaikandamiza, siku moja anaigusa tu. Hapo ndipo hupewa kafi, na wengi hushangaa kuona linavyohitajika kidogo.