Lengo Hubadilika, Alhamisi Haibadiliki

Aliyeshindwa ana deni la kulipa. Aliyefaulu hana anayemdai, na hapo ndipo penye hatari. Mtu anamaliza kilomita 21 zake za kwanza pale Moshi, anarudi nyumbani na medali shingoni, na mwezi haujaisha viatu vimekwisha kusukumwa chini ya kitanda.

Mwanariadha Mkenya Eliud Kipchoge amekutana na hatari hiyo mara nyingi kuliko wengi wetu, na njia aliyoitumia kuishinda inaweza kuchambuliwa hatua kwa hatua.

Mwaka 2003, akiwa na miaka 18, alitwaa ubingwa wa dunia wa mita 5,000 jijini Paris mbele ya Hicham El Guerrouj na Kenenisa Bekele. Ikafuata shaba ya Olimpiki Athens 2004, kisha fedha Beijing 2008. Mwaka 2012 akakosa nafasi katika kikosi cha Kenya cha Olimpiki ya London. Hakubaki akiung'ang'ania uwanja, alibadilisha kipimo. Aprili 2013 alikimbia marathoni yake ya kwanza, Hamburg, akashinda kwa 2:05:30.

Tangu hapo, kila lengo kubwa lilikuja na swali la aina yake. Olimpiki ya Rio 2016 swali lilikuwa nani atatangulia, basi 2:08:44 ilitosha kwa dhahabu. Berlin 2018 alishindana na saa: 2:01:39, akaishusha rekodi ya dunia kwa dakika 1 na sekunde 18. Katikati ya hayo mawili lilikuwapo swali la tatu: je, binadamu aweza kumaliza kilomita 42.195 chini ya saa 2?

Jibu la kwanza, Monza, Mei 2017, lilikuwa 2:00:25. Zilibaki sekunde 26. Zigawe kwa kilomita 42 uone: ni takriban sekunde 0.6 kwa kila kilomita. Mlima uliotisha ukawa kipande kinachoshikika mkononi, na kikaanza kutafutwa kila mahali kinapoweza kupatikana. Vienna, Oktoba 12, 2019, wadhibiti kasi 41 walipokezana kwa makundi. Watano walitangulia kwa umbo la V iliyofunguka mbele ili kumkinga na upepo, wawili wakafuata nyuma yake, na gari likamulika mistari ya leza barabarani kuonyesha kasi. Kila kilomita aliikata kati ya 2:48 na 2:52. Akamaliza kwa 1:59:40. Haikuandikwa kuwa rekodi rasmi, kwa kuwa wadhibiti kasi walipokezana njiani, lakini swali lilikuwa limejibiwa.

Sasa tazama kisichobadilika. Kambi ni ileile ya Kaptagat, takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Kocha ni yuleyule Patrick Sang, aliyeshinda fedha ya Olimpiki ya 1992 katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Jumanne ni uwanjani, Alhamisi ni mbio ndefu za kilomita 30 au 40, Jumamosi ni mbio za kubadilisha kasi. Kila zoezi huandikwa daftarini. Bingwa wa Olimpiki aliamkia Alhamisi ileile aliyoamkia kabla ya kuvaa dhahabu.

Hili ndilo ninalotaka msomaji alichukue. Aliyemaliza kilomita 10 hujiambia sasa ni 15, kisha 20. Hilo ni swali lileile lililorefushwa, na huchosha upesi. Pumzika kwanza, kisha badili swali. Kama ulikuwa unatafuta umbali, tafuta kasi kwenye umbali uleule. Ukishaipata, tafuta vilima, au mshike mkono jirani anayeanza umfikishe ulipofika wewe. Swali likiwa kubwa mno, ligawe kama zile sekunde 26.

Ila siku zako za mazoezi usiziguse. Hamu huja na kuondoka. Alhamisi hurudi kila wiki, nayo ndiyo itakayokufikisha.