Kurudi na Kufunga: Adhabu katika Kusadikika na katika Msamiati wa Mahakama

Imekuwa desturi ya wahakiki wa maandishi ya Shaaban Robert kuisoma Kusadikika, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1951, kama fumbo la utawala wa kigeni: nchi iliyo angani ni Tanganyika, Waziri Majivuno ni serikali, na Karama ni mwananchi aliyethubutu kuuliza. Usomaji huo hauna kosa, ila umewafanya wengi wapite haraka mbele ya jambo lililo wazi kabisa kitabuni. Kusadikika ni kesi. Huanza kwa mashtaka, huendelea kwa utetezi, huishia kwa hukumu, na katika kila hadithi anayoisimulia mshtakiwa mna mfungwa. Ni vigumu kutaja kitabu kingine cha Kiswahili cha zama hizo kilichoshikilia kwa ukaidi namna ile swali la nchi inapata nini inapomfunga mtu.

Karama ameshtakiwa kwa kuanzisha mafunzo ya uanasheria. Angeweza kukana, au kuomba huruma. Hafanyi hata moja. Asimulia badala yake habari za wajumbe sita waliotumwa huku na huko, Kaskazini na Kusini, Mashariki na Magharibi, Mbinguni na Ardhini, kutafuta mambo ya kuifaa Kusadikika. Kila mmoja wao apata mashaka njiani, kila mmoja arudi na jambo lenye manufaa, na kila mmoja atiwa kifungoni. Mhakiki mwenye haraka atasema kwamba masimulizi haya yanajirudia mno, na kwa kweli yanachosha mahali. Lakini kujirudia kwenyewe ndiyo hoja. Baada ya mjumbe wa tatu msomaji haulizi tena kama atafungwa. Huuliza ni kitu gani kitakachopotea pamoja naye. Karama hawahesabu wafungwa kwa machozi yao, bali kwa hasara ya wale walio nje. Hoja ya namna hii ni adimu. Watetezi wa wafungwa aghalabu huomba huruma, na huruma ni kitu ambacho Majivuno wa kila zama hana shida ya kukikataa. Hesabu humsumbua zaidi.

Wajumbe wale *walirudi*, wakafungwa. Neno hili la kurudi linastahili kutazamwa, maana katika Kiswahili halina maana ya mwendo tu. Kumrudi mtoto ni kumkanya na kumwadhibu ili atengenee, na wazee wa pwani waliita adhabu ya namna hiyo marudi. Kujirudi ni kutambua kosa na kuliacha. Husemwa juu ya mlevi, juu ya mume mkorofi, juu ya kijana aliyekuwa amepotea. Kurudisha ni kumpa mwenye mali mali yake. Na kurudi, kwa maana yake ya kila siku, ni kufika tena nyumbani. Mzizi mmoja, basi, umebeba shughuli nne ambazo wanasheria wa sasa huzijadili kama nadharia mbalimbali: kukanya, kutubu, kulipa kilichoharibiwa, na kupokelewa tena na jamii. Yule aliyerudiwa alitazamiwa ajirudi, arudishe, arudi. Haielekei kwamba mtu fulani aliketi akaupanga mfumo huo. Lugha iliupanga kwa matumizi.

Hata hivyo isidhaniwe kwamba neno hilo ni safi. Marudi yana fimbo ndani yake. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na aliyemrudi mwana hakuwa akimpa nasaha peke yake. Yeyote anayetaka kuitumia lugha ya wahenga kutetea marekebisho ya adhabu hana budi kukiri hili mapema, kwa sababu fimbo ile iliingia sheriani na kukaa. Kenya haikuviondoa viboko katika adhabu za mahakama hadi sheria ya mwaka 2003. Tanganyika, kwa upande wake, ilipitisha mwaka 1963 sheria iliyoweka kima cha chini cha adhabu kwa makosa kama rushwa na wizi wa mali ya umma: kifungo kisichopungua miaka 2, pamoja na viboko 24, yaani 12 siku ya kuingia gerezani na 12 siku ya kutoka. Mwalimu Nyerere alilikumbuka jambo hilo katika hotuba zake za miaka ya 1990, akiwachekesha wasikilizaji kwa kusema kwamba vile vya mwisho vilikuwa vya mfungwa kwenda kumwonyesha mkewe.

Sasa, huyo Nyerere ndiye aliyetoa Mabepari wa Venisi mwaka 1969, tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare ambao kilele chake ni hotuba ya Portia juu ya rehema isiyoweza kulazimishwa. Wahakiki wameisifu tafsiri ile kwa mizani na kwa neno mabepari. Hawajauliza sana maana yake kuwa mkono uliotafsiri hotuba hiyo ulikuwa umekwisha kutia saini sheria iliyompunguzia hakimu nafasi ya kurehemu. Yafaa kuwa na insafu. Katika mchezo wenyewe rehema hiyo haimfikii Shylock: anyang'anywa mali na kulazimishwa kubadili dini, na wanaoimba rehema ndio wanaomnyang'anya. Tena sheria ya 1963 ilizaliwa na hasira ya haki dhidi ya wakubwa wanaoiba. Viboko vile vilifutwa mwaka 1972, vikaja kurejeshwa baadaye, na rushwa haikusubiri matokeo ya majaribio hayo.

Kiswahili chenyewe kina methali inayogusa sababu. Siku za mwizi ni arobaini: hapa hapatajwi kiboko wala miaka ya kifungo, hutajwa kukamatwa tu. Mwitalia Cesare Beccaria aliandika mwaka 1764 kwamba kinachomzuia mtu asitende kosa ni uhakika wa adhabu kuliko ukali wake, na uchunguzi uliofanywa tangu hapo umezidi kumwunga mkono. Methali yetu imefika karibu na hapo, ila yafaa isomwe kwa jicho la mwenye duka aliyeibiwa: inamfariji kwa siku ya arobaini, na kumwachia mwizi siku 39. Serikali inayozidisha miaka ya kifungo bila kupunguza zile siku 39 inanunua ukali mahali ambapo uhakika umekosekana.

Kufunga, tofauti na kurudi, ni kitendo kisicho na upande wa pili ila kufungua. Mtu hufunga mzigo, mlango, ng'ombe. Kitu kilichofungwa hakitazamiwi kufanya lolote, na kikifunguliwa ni kile kile kilichofungwa. Neno gereza nalo halikuanza na maana ya kurekebisha. Wanaisimu wengi hulihusisha na neno la Kireno la kanisa, na katika kamusi za karne ya 19 lina maana ya ngome kadhalika. Historia ya Mombasa imeifasiri etimolojia hiyo kwa mawe: Ngome ya Yesu, iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596 kwa ajili ya kumzuia adui asiingie, ilitumiwa na serikali ya kikoloni tangu 1895 hadi 1958 kwa ajili ya kumzuia mwenyeji asitoke. Kuta hazikuhitaji kubadilishwa.

Neno lililojaza magereza ya Afrika Mashariki kwa watu wenye makosa madogo, lakini, si kitenzi wala nomino. Ni kiunganishi. *Faini au kifungo*: sentensi hii husikika kila siku mahakamani, na husomwa kana kwamba inampa mshtakiwa hiari. Katika sarufi, au huunganisha mambo mawili yaliyo sawa, mtu achague. Katika mahakama huwagawa watu: mwenye fedha husikia sehemu ya kwanza, asiye nazo husikia ya pili, wala hakuna aliyechagua. Mwuza mboga asiye na leseni na mpika pombe hawafungwi kwa kosa walilolitenda, maana sheria imekwisha kukiri kwamba kosa hilo lingetoshwa na shilingi kadha wa kadha. Hufungwa kwa kukosa shilingi hizo. Akitoka, biashara imekufa, watoto wametawanyika, na amejuana na watu ambao asingejuana nao sokoni. Hesabu ya Karama ingefaa hapa kuliko mahali pengine popote.

Ajabu ni kwamba mfungwa huyu hamo katika fasihi. Fasihi ya Kiswahili ya gerezani ni tajiri, lakini ni ya mfungwa wa siasa. Abdilatif Abdalla alifungwa miaka 3, tangu 1969 hadi 1972, kwa waraka wake Kenya: Twendapi?, na Sauti ya Dhiki (1973), iliyopata Tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka 1974, ni diwani isiyo na mfano wake. Shafi Adam Shafi naye, katika Haini (2003), ameyachora mateso ya walioshikwa Zanzibar baada ya kuuawa kwa Karume mwaka 1972. Vitabu hivi ni vya thamani kubwa, na hapana anayevipunguzia. Lakini hoja yake mfungwa wa siasa ni kwamba yeye hakustahili kuwamo. Msomaji hutoka na ghadhabu juu ya kufungwa kwa asiye na hatia, na swali la aliye na hatia hubaki pale lilipokuwa. Riwaya za upelelezi za Muhammed Said Abdulla hazilisaidii: Bwana Msa akishafumbua fumbo, kazi ya kisa imekwisha, na safari ya mkosaji baada ya hapo haimhusu mtu. Shaaban Robert mwenyewe hatoki kabisa katika lawama hii, kwani wajumbe wake sita ni watu wema. Hakuthubutu, au hakuona haja, kumtia mwizi wa kuku miongoni mwao.

Sheria, kwa mara moja, imeitangulia fasihi. Bunge la Kenya lilipitisha mwaka 1998 Sheria ya Amri za Huduma kwa Jamii, inayomwezesha hakimu kumpa kazi ya umma isiyo na malipo mtu ambaye angefungwa kwa muda usiozidi miaka 3. Mtu huyo hulala kwake, huifagia hospitali au hupanda miti, huendelea kulea. Katiba ya 2010, ibara ya 49, imekataza kumweka rumande mtu ambaye kosa lake lina adhabu ya faini peke yake au kifungo kisichozidi miezi 6. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Muruatetu, iliamua kwamba kumlazimisha hakimu atoe hukumu ya kifo kwa kila muuaji, bila kusikiliza habari zake, ni kinyume cha Katiba. Katika hayo yote mna kurudi zaidi kuliko kufunga.

Ila tazama jina ambalo adhabu ya 1998 imepewa na Wakenya, na hata na magazeti: *kifungo cha nje*. Ni istilahi iliyoundwa kwa ustadi, na ni ya kusikitisha. Watu walitafuta neno la adhabu wasilione ila lile la kamba, wakalitoa nje ya ukuta likiwa bado limefungwa. Majirani wanaomwona mtu akifagia sokoni chini ya jina hilo humwona mfungwa aliyeponyoka kwa bahati, si mtu anayelipa. Na mwenye mali iliyoibiwa huona kwamba hakimu amemdanganya, kwa kuwa kifungo gani hicho kisicho na mlango. Sehemu ya uhasama wa umma dhidi ya adhabu hizi ni kazi ya jina. Wanaotunga istilahi za sheria katika vyuo vikuu wangeweza kulijaribu neno marudi, fimbo yake ikiwa imekwisha kuondolewa na sheria ya 2003, ama wakatafuta jingine. Lililo baya ni kuendelea kuandika kifungo cha nje katika kamusi na kukipigia mstari kama fasiri iliyokamilika.

Kazi hiyo haina budi kwenda pamoja na ile iliyomponza Karama. Mtu aliyekaa rumande kwa kosa la faini hawezi kuitaja ibara ya 49 asiyoijua, na sehemu kubwa ya sheria za Kenya bado imeandikwa kwa Kiingereza tu, ingawa Kiswahili ni lugha rasmi kwa Katiba ile ile. Majivuno alimshtaki Karama kwa kuwafundisha watu sheria zao. Mahakimu wengi wa leo wasingeliona hilo kuwa kosa, lakini walimu wa somo hilo, katika lugha anayoisikia mpika pombe, wangali wachache mno.