Koo Mbili za Pamba

Mwezi wa pili, mashamba ya Bariadi, mkoani Simiyu, yanapochanua, kila mche wa pamba umebeba urithi wa koo mbili. Pamba ya Simiyu, zikiwemo mbegu za UK zilizozalishwa Ukiriguru, ni Gossypium hirsutum. Ina kromosomu 52: nusu za ukoo wa Afrika na Asia, nusu za ukoo wa Amerika, zilizokutana miaka milioni 1 hadi 2 iliyopita. Tangu hapo jeni nyingi zina nakala mbili. Ipi inafanya kazi?

Nawastahi sana wanaolijibu swali hilo. Jeni ikitumika, seli huandika ujumbe wa RNA, nao huharibika upesi. Kwa hiyo ua likichumwa hugandishwa papo hapo kwa nitrojeni ya kimiminika. Nakala hizo hufanana mno, zikitofautiana kwa herufi chache tu, na ni kwa herufi hizo mtafiti hujua ujumbe umetoka upande upi.

Mababu walishakufa, na RNA yao haikubaki. Basi huulizwa jamaa walio hai: Gossypium raimondii wa Peru, wa ukoo wa Amerika, na Gossypium herbaceum, wa ukoo wa Afrika na Asia. Kama kwa wote wawili jeni inatumika kwenye petali, lakini katika pamba yetu nakala moja imenyamaza, huenda ilinyamaza baada ya koo kuungana. Huenda, kwa sababu jamaa hao nao wamebadilika kivyao.

Mwaka 2003 Keith Adams, Jonathan Wendel na wenzao wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa, Marekani, walichunguza jozi 40 za nakala za jeni. Katika 10, nakala hazikutumika sawasawa. Jeni ya AdhA ndiyo inayonivutia zaidi: kiungo kimoja cha ua hutumia nakala hii, kingine hutumia ile, kama ndugu waliogawana zamu za kuchunga ng'ombe. Ukisaga ua zima pamoja, utaona zote zipo kazini, na mgawo wenyewe utakupita. Mwaka uliofuata walipima chotara aliyetengenezwa upya, wakakuta baadhi ya nakala zimeshazimwa. Kumbe si kila ukimya ulihitaji mamilioni ya miaka.

Raimondii haina nyuzi za kusokotwa. Hata hivyo, mwaka 1998 kundi la mtafiti Andrew Paterson lilionyesha kwamba sehemu nyingi zinazoathiri nyuzi za pamba inayolimwa zimo katika kromosomu za ukoo huohuo wa Amerika.