Msumari Hushika, Haubebi

Mnunuzi wa samani akiona kichwa cha msumari, mara nyingi hushusha bei papo hapo. Ameshaambiwa kuwa useremala wa kweli ni wa ulimi na tundu, yaani ncha ya ubao mmoja kuingia ndani ya mwingine, na kwamba msumari ni njia ya mkato ya fundi asiyejua patasi. Kuna ukweli hapo, lakini ni nusu. Ukipanda kutoka Kiboriloni hadi Kidia, Old Moshi, utakalia benchi za vilabu vya pombe ya mbege, utaegemea meza za kuuzia ndizi na utalazwa kwenye vitanda vilivyopigiliwa misumari mwanzo mwisho. Baadhi vimerithiwa, vingine vinayumba kabla vanishi haijakauka. Vyote vina misumari, kwa hiyo tofauti lazima iwe kwingine.

Iko kwenye kazi aliyopewa msumari. Katika samani nzuri uzito hushuka kutoka ubao hadi ubao mpaka sakafuni, na msumari upo kuzuia mbao zisiachane tu. Katika samani mbaya msumari wenyewe ndio umeachiwa mzigo. Ukilishika hilo, utaweza kukagua kiti, benchi, meza au kitanda bila kuwa fundi.

Anza na mbao

Mbao ya nyumbani katika mitelemko hii ya Kilimanjaro ni mgrivelia, mti uliotoka mashariki mwa Australia na kupandwa kwenye vihamba, yaani mashamba ya nyumbani, ili uipe kahawa kivuli. Ni mbao nzuri kwa kazi ya misumari: laini kiasi cha kupokea msumari bila ubishi, ngumu kiasi cha kuushika. Ukipasuliwa kufuata mishipa inayotoka kwenye kiini, ubao wake huonyesha madoa yanayong'aa kama magamba ya samaki, na ubao wa namna hiyo hupinda kidogo kuliko mwingine. Saipresi na paini, za mashamba ya Kilimanjaro Magharibi au zinazoletwa kutoka Mafinga, ni nyepesi na hurandika kwa urahisi, ila angalia vifundo: kifundo cheusi chenye duara kukizunguka kitakuja kudondoka na kuacha tundu. Kamfa utaikuta zaidi kwenye makabati ya zamani. Msitu wa asili wa mlima uliingizwa ndani ya hifadhi ya taifa mwaka 2005, kwa hiyo anayekuuzia kamfa mbichi ya mlimani mwulize kibali kabla ya bei.

Aina ya mti, hata hivyo, si kitu mbele ya ukavu wake. Mafundi wa zamani hukadiria mwaka mmoja wa kukausha kivulini kwa kila inchi moja ya unene, mbao zikiwa zimepangwa na vijiti katikati ili upepo upite. Huna haja ya kipimo. Nyanyua ubao: mbichi ni mzito kuliko unavyotarajia. Uguse kwa shavu: mbichi una ubaridi. Ugonge kwa kifundo cha kidole: mkavu hulia, mbichi hutoa sauti nzito. Kwenye samani iliyokwisha kuundwa, tazama kuzunguka vichwa vya misumari. Weusi uliosambaa kwenye nyuzi ni dalili kwamba chuma kimekutana na unyevu.

Ubao ukikauka hupungua upana, urefu wake karibu haubadiliki. Ndiyo maana meza iliyoundwa kwa mbao mbichi hufunguka mianya kati ya ubao na ubao, na misumari iliyokuwa imebanwa hubaki imelegea kwenye matundu yake. Fundi akikwambia itajikaza yenyewe, anakupa pole mapema.

Pindua kitu juu chini

Uso wa samani umetengenezwa kwa ajili ya mteja, lakini chini yake ndiko fundi alikofanyia kazi. Omba ruhusa, kisha kipindue.

Chukua mfano wa benchi, kwa kuwa ndiyo samani rahisi kuliko zote. Ina ubao wa kukalia, miguu miwili ya mbao pana, na mbao mbili za ubavuni zinazounganisha miguu hiyo chini ya kikalio. Fundi mvivu huweka ubao wa ubavuni bapa juu ya ukingo wa mguu, anapiga misumari miwili kila ncha na kuendelea. Watu wanne wakikaa, wakisukumana kwa kicheko huku kata ya mbege ikizunguka, benchi husogea kushoto na kulia, na kila msogeo unaishia kwenye misumari hiyo. Baada ya miezi kadhaa tundu la msumari halina tena umbo la duara, limekuwa refu kama jicho. Ukiona jicho hilo kwenye benchi iliyotumika, usinunue hata kwa bei ya kuni. Msumari mpya ukipigwa pembeni yake utaanza safari ileile.

Fundi anayejua hutumia dakika chache zaidi na msumeno. Anakata pengo kwenye ukingo wa mguu, la kina sawa na unene wa ubao wa ubavuni, kisha anauchopeka humo. Sasa ubao umekaa juu ya mbao, na bega la pengo linauzuia kusogea. Misumari miwili inayofuata haina kazi nzito tena. Pitisha ukucha kwenye kiungo: ukizama, pengo lilikatwa kwa kukisia na uzito umerudi kwenye chuma.

Mahali pengo halitoshi, tafuta mshazari. Kiunzi cha pembe nne hulala upande kikisukumwa. Ukikigawa kwa ubao wa mshazari unapata pembetatu, nayo haikubali kulala mpaka kitu kivunjike. Enzo Mari, msanifu wa Italia, alilielewa hili vizuri. Mwaka 1974 alitoa michoro ya meza, viti na vitanda vya mbao za kawaida na misumari, ili mtu yeyote mwenye nyundo ajiundie. Meza zake zinasimama kwa mishazari, hazitegemei unene wa mbao.

Soma misumari

Urefu wa msumari uwe kama mara mbili na nusu hadi tatu ya unene wa ubao unaopigiliwa, ili sehemu kubwa izame kwenye ubao wa pili. Ubao wa inchi moja unataka msumari wa inchi mbili na nusu au tatu. Ukiona misumari imepangwa kwenye mstari mmoja wa nyuzi, tarajia ufa. Fundi mzuri huipishanisha, na huipiga kwa mshazari, mmoja ukielekea huku na wa pili kule, hivyo mbao haziwezi kuvutwa moja kwa moja zikaachana. Karibu na ncha ya ubao hugonga kwanza ncha ya msumari iwe butu, ili ibonyeze nyuzi badala ya kuzipanua, au hutoboa kwa keekee.

Jihadhari na msumari uliopigwa kwenye kichwa cha ubao, pale uliposawazishwa kwa msumeno. Nyuzi hapo zimesimama kuelekea msumari unapoingia, na hazishiki vizuri.

Kwenye meza, kila ubao wa juu upigiliwe karibu na katikati ya upana wake. Ukibanwa kingo zote mbili utapasuka ukikauka. Kitanda kina hali yake: chaga hulala juu ya kipande kilichopigiliwa kando ya mfumbati, na hapo misumari inabeba kweli. Basi iwe mingi na ipishane, na afadhali ncha za kipande hicho ziketi kwenye pengo la tendegu.

Majaribio ya mwisho

Pima kwa kamba kutoka pembe moja hadi ya pili inayokabiliana nayo, kisha pembe zile nyingine. Vipimo vikilingana, kitu kiko mraba. Kisukume kwa upande, si kwa kukikalia tu, kwa kuwa karibu kila samani hustahimili uzito unaoshuka wima. Tafuta unga laini chini yake, ambao ni kazi ya dumuzi. Mwisho pitisha kiganja kwenye kingo: zikiwa zimeondolewa makali kwa randa, umepata mtu aliyemfikiria mtumiaji.

Usilipe zaidi kwa vanishi inayong'aa, hasa ikiwa imefunika puti nene. Samehe alama za randa, rangi za mbao zisizofanana na vichwa vya misumari vinavyoonekana. Kataa mbao mbichi, kiungo kisicho na pengo wala mshazari, na tundu lililorefuka.

Kosa kubwa la wengi wetu ni la kalenda. Desemba wenyeji wanarudi kutoka Dar es Salaam na Arusha, kila mmoja anataka kitanda cha wageni kabla ya Krismasi, na mvua za vuli zimelowesha kila rundo la mbao. Fundi hodari naye huishia kuunda kwa mbao mbichi. Nenda Agosti, chagua mbao zilizokwisha kukauka, lipa kwanza bei yake, andika jina lako kwa chaki kwenye kila ubao, na ziache kwake kivulini. Kazi ya nyundo ianze Novemba mwanzoni.